Hopsi zinaziba koki na bia inatoka chungu: nitengeneze kifaa gani?

Swali kutoka kwa msomaji wa Shangani, Mtwara mjini:

"Shikamoo fundi. Napika bia nyumbani ya kunywa mwenyewe na rafiki zangu, lita 20 kwa mpiko mmoja, kwa sufuria ya alumini ya lita 30 yenye koki na jiko la gesi. Kaka yangu ni baharia, aliniletea hopsi za vidonge, yale maua ya kutia bia uchungu na harufu yaliyosagwa na kushindiliwa. Kila nikizitumia koki inaziba kwa matope ya kijani. Mara ya mwisho nilichujia kwenye kipande cha chandarua. Bia inatoka chungu kuliko nilivyokusudia, na ile harufu nzuri ya kwenye pakiti siipati. Nataka kutengeneza kifaa changu cha kuwekea hopsi, wakati wa kuchemsha na baadaye kwenye ndoo ya kuchachulia. Nitumie vitu gani vinavyopatikana huku kwetu? Na je, hopsi haziwezi kulimwa Newala kwenye baridi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na chandarua, maana hilo haliwezi kusubiri mpaka mwisho wa jibu. Vyandarua tunavyogawiwa kliniki na shuleni vimetiwa dawa ya kuua mbu ya jamii ya pairethroidi, kama deltamethrini au permethrini, na dawa hiyo imewekwa makusudi ing'ang'anie kwenye nyuzi hata chandarua kifuliwe mara nyingi. Kukichemsha kwanza hakukifanyi kiwe salama. Bia uliyoichujia humo imwage yote, usimpe mtu, na kipande chenyewe kisirudi jikoni. Hata ungepata chandarua kisicho na dawa kisingekufaa, kwani matundu yake yanazidi milimita moja, na kidonge cha hopsi kikishalowa kinavunjika kuwa chembe ndogo kuliko hapo. Kitapitisha karibu kila kitu.

Sasa tuje kwenye kifaa. Umeniletea malalamiko matatu: koki inaziba, uchungu unazidi, harufu haipo. Hayo mawili ya mwisho yana chanzo kimoja, nacho ni muda ambao hopsi zako zinakaa kwenye maji ya moto. Kwa hiyo usitengeneze chujio tu. Tengeneza kitu kitakachokuwezesha kuziingiza hopsi dakika unayotaka na kuzitoa dakika unayotaka. Ukikijenga kwa nia hiyo, koki nayo itaacha kuziba.

Ua la hopsi lina unga wa njano unaonata, na ndani ya unga huo mna vitu viwili tunavyovifuata. Kimoja ni asidi za alfa. Zenyewe haziyeyuki vizuri wala hazina uchungu wa maana, ila zikichemka hubadilika umbo, zikawa iso-alfa, na huo ndio uchungu wa bia. Badiliko hilo linataka moto na muda. Kwa maji ya kimea, yaani bia kabla haijachachushwa, yenye ukolezi wa kawaida, haidromita (kipimo cha ukolezi wa sukari) ikisoma 1.050, hopsi zilizochemka dakika 60 hugeuza kama asilimia 23 ya alfa zake kuwa uchungu, za dakika 15 kama asilimia 11, na za dakika 5 hazifiki asilimia 5. Kitu cha pili ni mafuta yenye harufu. Haya ni machache sana, asilimia chache tu ya uzito wa ua, na mwenendo wake ni kinyume: kadiri unavyochemsha ndivyo mvuke unavyoyabeba. Ndiyo maana hopsi za uchungu hutiwa mwanzoni, na za harufu hutiwa mwishoni.

Hapo ndipo Mtwara inapotofautiana na kule yalikoandikwa maelekezo unayoyafuata. Mpishi wa Uingereza au Ujerumani akizima jiko wakati wa baridi, maji ya bomba lake yana nyuzi joto 10 au chini. Anayapitisha kwenye koili ya shaba na sufuria inapoa upesi. Yako ya bomba yana nyuzi 27 au 28, na lita 20 za maji ya kimea zilizofunikwa zinaweza kukaa juu ya nyuzi 80 kwa muda mrefu mno. Alfa nazo haziachi kubadilika eti kwa kuwa umezima jiko. Kwenye nyuzi 90 kasi yake bado ni kama asilimia 40 ya ile ya kuchemka. Kwenye nyuzi 80 inashuka chini ya asilimia 20. Basi hopsi ulizozitia "dakika sifuri", yaani unapozima moto, kama pishi lilivyosema, zinaendelea kutoa uchungu nusu saa nzima, huku mafuta yake yakiondoka na mvuke.

Kwa hiyo, kabla hujakata chuma chochote, badilisha jambo moja la bure. Hopsi za harufu usizitie unapozima moto. Subiri kipimajoto kishuke mpaka nyuzi 80, au hata 75, ndipo uzitumbukize, uzikoroge taratibu dakika 20, kisha uzitoe kabisa. Zile za mwanzo, za uchungu, zitoe mara tu jiko linapozimwa. Elewa kwamba alfa zilizokwisha kuyeyuka humo zitaendelea kubadilika kidogo hata kikapu kikishatoka, kwa hiyo punguza kidogo kipimo cha hopsi za mwanzo. Kupoza nako kuna mpango wake: weka sufuria ndani ya karai kubwa la maji, ukoroge, umwage maji ya karai yakishapata moto, uweke mengine. Barafu wanayonunua wavuvi itie kwenye karai mwishoni, sufuria ikishashuka chini ya nyuzi 45 hivi. Ukiitia mapema itayeyuka kwa kazi ambayo maji ya bomba yangeifanya.

Sasa kikapu chenyewe. Umbo lake ni la kifumbu cha kukamulia nazi, ila kipana zaidi na kinaning'inia katikati ya sufuria badala ya kukamuliwa kwa mikono.

Tafuta kopo la stenlesi lenye kuta zilizonyooka, lile la kuwekea sukari au unga, kipenyo chake sentimita 15 hivi. Bakuli halifai, kwa sababu kuta zake zinalala na kitambaa kitateleza. Mpe fundi mwenye grainda alikate, abakize pete ya sentimita 8 upande wa mdomo, pale ambapo ukingo umekunjwa. Akishakata apige tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, maana makali hayo ndiyo yatakayokukata wewe unapoosha. Halafu pete hiyo igeuze: ukingo uliokunjwa uwe chini. Jambo hili ni dogo lakini ndilo linaloshikilia kifaa chote. Kitambaa kinavutwa juu ya ukingo ule, kinakazwa kwa klipu ya chuma ya kukazia mipira ya maji, na klipu ikikaa juu ya ukingo haiwezi kuchomoka hata mfuko ukiwa umejaa hopsi zilizolowa. Klipu nayo iwe ya stenlesi nzima, pamoja na skrubu yake. Nyingi ukanda wake ni stenlesi lakini skrubu ni chuma cha kawaida, na skrubu hiyo ndiyo inayoanza kutoa kutu.

Upande wa juu wa pete toboa matundu manne, mawili yakielekeana, na mawili mengine yakielekeana lakini chini kidogo, ili fimbo mbili zipishane bila kugongana. Fimbo ziwe za stenlesi za milimita 6, ndefu kupita upana wa sufuria yako kwa sentimita 6 au 7. Pinda ncha moja tu ya kila fimbo. Ncha iliyopindwa inashika ukingo wa sufuria, ile iliyonyooka inakuruhusu kuichomoa fimbo ukimaliza kazi. Sikushauri utumie nati na bolti wala kuchomelea: kila nafasi nyembamba kati ya nati na chuma ni mahali pa uchafu kujificha, na chomeleo lenye mabonde ni hivyo hivyo. Kifaa hiki kikifumuka vipande vitano, yaani pete, klipu, fimbo mbili na mfuko, utakiosha chote na kukiona ndani.

Mfuko uupime kwa sufuria yako. Kwa sufuria ya lita 30 yenye upana wa sentimita 38 hivi, kimo chake kinakaribia sentimita 26. Pete ikining'inia kwenye ukingo inashuka sentimita 6, kwa hiyo mfuko wenye urefu wa sentimita 15 chini ya pete utaacha kama sentimita 5 kabla ya kitako. Nafasi hiyo usiile. Kitambaa kikigusa kitako cha sufuria juu ya moto wa gesi kitaungua, na kipande kilichoyeyuka kitabaki kwenye bia.

Kuhusu kitambaa, ukipata wavu wa stenlesi wenye matundu ya mikroni 300, yaani milimita 0.3, huo ndio bora na utadumu miaka. Muagize mtu Dar es Salaam kama huku haupatikani. Usipopatikana, kitambaa chepesi cheupe cha pazia, kile cha poliesta kinachopitisha mwanga, kinafanya kazi vizuri. Kiwe kipya na kisichotiwa rangi. Kipime kwa njia mbili. Kwanza chemsha kipande kama kiganja kwa nusu saa: kikitoa rangi, kikinyauka au maji yakinuka, achana nacho. Pili, kikikauka, weka juu yake kijiko cha chumvi laini ya mezani na ukitikise. Chembe za chumvi hiyo ni kama milimita 0.3, kwa hiyo chumvi ikipita kama mvua matundu ni mapana mno. Ikipita kidogo kidogo na nyingi ikabaki juu, umepata. Usitafute kitambaa kizito zaidi ya hapo ukidhani ndiyo usafi. Kikiwa kizito sana, ute wa hopsi unakiziba, maji ya kimea hayaingii wala hayatoki, na hopsi zinabaki zimeshikana katikati kama donge kavu. Ni afadhali unga kidogo upite. Utatuama chini ya ndoo.

Mwambie fundi cherehani ashone kwa uzi wa poliesta, mshono wa kukunja mara mbili, ili ncha za kitambaa zisichanike nyuzi ndani ya bia. Kitako cha mfuko kiwe cha mviringo. Ukishona pembe kali, hopsi zitajibana kwenye pembe na utazitoa kwa kijiti.

Vitu vya kuepuka navitaja kwa sababu nimekwisha kuulizwa vyote. Wavu wa mabati haufai: maji ya kimea yana uchachu wa pH 5 na kidogo, bia iliyoiva inashuka zaidi, yaani ni chachu zaidi, na zinki inayeyuka humo. Waya wa kufungia nondo unatoa chuma, na chuma hata kidogo kinaleta ladha ya damu na kuichakaza bia haraka. Usikubali fundi alehemu kwa risasi. Ndoo iliyowahi kubeba rangi isiguse chakula kamwe, hata ikisuguliwa ikang'aa. Utaona pia michoro ya watu wa nje wanaotumia kipande cha bomba jeupe la PVC la inchi 4 badala ya pete ya chuma. PVC inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi na wewe unaiweka juu ya mvuke wa sufuria inayochemka, iache. Alumini ya sufuria yako haina neno, ila usiisugue kwa steliwaya mpaka ing'ae, na usiioshe kwa Jiki wala kwa kostiki soda.

Kama huna hakika kuwa chuma ulichouziwa ni stenlesi, sumaku peke yake haitoshi, kwani ipo stenlesi inayonaswa na ipo duni isiyonaswa. Lowesha kipande kwenye maji ya chumvi na ndimu usiku kucha. Kikiamka na madoa ya kutu, kirudishe.

Siku ya kupika, weka kikapu maji yakishaanza kuchemka na povu la kwanza limeshuka, kisha ndipo utie vidonge, kidogo kidogo. Hopsi zikiingia kwenye maji yanayochemka povu linapanda ghafla, na sufuria ya lita 30 yenye lita 24 ndani haina nafasi kubwa ya kusamehe. Mkono mmoja uwe kwenye koki ya gesi. Vidonge vikilowa vinavimba sana, kwa hiyo hopsi zikishalowa zisizidi theluthi moja ya mfuko. Kila dakika chache koroga ndani ya kikapu na ukiinue nusu, ukirudishe. Bila hivyo maji ya ndani na ya nje hayachanganyiki sawasawa. Ukikitoa, kiache kichuruzike juu ya sufuria, usikikamue kwa nguvu. Ukikamua, unga laini wote unapenya na kazi ya mfuko inapotea.

Kikapu kinapunguza uchungu kidogo ukilinganisha na hopsi zilizoachwa huru kwenye sufuria. Mimi huongeza kama sehemu moja ya kumi kwa hopsi za dakika 60, ingawa kwako, kwa joto nililolieleza, anza bila kuongeza kitu. Hesabu yenyewe ni rahisi. Soma asilimia ya alfa kwenye pakiti. Tuseme ni 10, na unatia gramu 20 kwa dakika 60 katika lita 20. Gramu 20 mara asilimia 10 ni gramu 2 za alfa, yaani miligramu 2,000. Asilimia 23 ya hizo ni 460. Gawa kwa lita 20, unapata vipimo 23 vya uchungu, ambao kwa bia nyepesi ni uchungu wa wastani unaokubalika. Bila hesabu hii, mtu anayetia "kiganja kimoja" hawezi kujua kama kifaa chake kina kosa au kipimo chake.

Sasa upande wa ndoo. Hapa adui si moto tena, ni oksijeni. Mafuta ya hopsi yanayonukia vizuri yakikutana na hewa kwenye bia iliyokwisha kuiva, ndani ya wiki chache, na kwa joto letu mapema zaidi, harufu inageuka ya karatasi iliyolowa na rangi inakuwa ya kahawia. Kila unapofungua mfuniko unaikaribisha hewa. Njia ninayoipendekeza kwako kwa kuanzia haihitaji mtambo wowote: shona mfuko mdogo kwa kitambaa kile kile, upana wake uwe mara tatu ya unachodhani unahitaji, weka ndani vijiko viwili vya stenlesi kama uzito, uuchemshe robo saa, utie hopsi zako gramu 40 au 50, uufunge kwa kipande kipya cha mshipi wa kuvulia uliochemshwa nao, na uutumbukize kabla uchachushaji haujakwisha, pale povu linaposhuka lakini mrija wa kutolea gesi bado unatoa mapovu. Hamira iliyo hai itakula oksijeni ndogo iliyoingia na mfuko. Kwa joto la nyuzi 28 siku mbili zinatosha; ukiuacha wiki nzima utapata harufu ya majani na ukakasi kooni, ule ule tunaoujua kwenye mabibo. Kubali pia kwamba gramu 50 zitakunywa karibu nusu lita ya bia yako.

Wengi huhofia kwamba hopsi zisizochemshwa zitaleta vimelea. Hofu hiyo ni ndogo kuliko inavyosemwa. Uchungu wa hopsi unazuia bakteria wanaochachisha maziwa na jamaa zao, na ndiyo sababu mojawapo bia yenye hopsi huhimili kukaa, wakati uraka ukilala siku moja au mbili unakuwa umebadilika. Haiwazuii bakteria wa siki, lakini hao wanahitaji hewa, na hewa tayari tunaipiga vita. Kinachohitaji usafi ni mfuko, uzi na mikono. Chemsha vinavyochemka. Jiki ikibidi uitumie kwenye ndoo ya plastiki, suuza kwa maji mengi yaliyochemshwa, kwani klorini iliyobaki ikikutana na kimea inatoa ladha ya dawa ya hospitali ambayo hakuna kitakachoiondoa.

Ukishazoea, unaweza kupanda ngazi. Ngazi ya kwanza ni sumaku. Mafundi wa kompyuta wana diski za kuhifadhia data ("hard disk") zilizokufa, na ndani ya kila moja mna sumaku ndogo zenye nguvu ya ajabu. Ibandue, uizibe kabisa ndani ya plastiki ya chakula iliyofungwa kwa joto, kwani ganda lake likichubuka inashika kutu, kisha iweke ndani ya mfuko wa hopsi siku ile ile unapotia hamira. Mfuko unaunasa chini ya mfuniko kwa sumaku ya pili iliyo nje. Gesi ya uchachushaji inaifukuza hewa yote humo, na siku ikifika unaondoa sumaku ya nje, mfuko unaanguka wenyewe, mfuniko haujafunguliwa. Angalia kwanza kwa mfuko wenye maji kama sumaku zinahimili uzito.

Ngazi ya pili ni bomba la kuangushia, na hii ningekuambia uifikirie mwisho kabisa. Kipande cha bomba la PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto) la milimita 63, urefu sentimita 30, kinasimama juu ya mfuniko, chini yake koki ya mpini inayofunguka robo mzunguko, tundu lake lisipungue milimita 40 ili vidonge visikwame. Fundi bomba mwenye mashine ya kuunganishia PPR ataiunga kwa muda mfupi. Uzuri wake ni kwamba huhitaji mtungi wa gesi. Toa mrija mwembamba kwenye mfuniko wa ndoo, uuingize kwenye bomba juu kidogo ya koki, na kutoka kilele cha bomba mrija mwingine uende kwenye chupa ya maji. Lita 20 za bia ya 1.050 hutoa zaidi ya lita 400 za hewa ukaa zinapochacha, na bomba lako lina ujazo wa nusu lita tu. Gesi yote hiyo ikipita humo, hewa haibaki. Tatizo ni kwamba mfuniko wa ndoo ya kawaida hauwezi kubeba uzito huo bila kupinda, utahitaji kuuimarisha au kununua chombo kigumu, na gharama inakua. Kwa bia ya kunywa na rafiki zako, mfuko wenye vijiko unakupa karibu faida yote.

Kuna jambo moja la hatari katika kutia hopsi kwenye ndoo. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ngumu iliyobaki, na hamira ikipata sukari hiyo mpya inaamka tena. Ukiwahi kujaza chupa, gesi itazidi, na chupa ya kioo kwenye chumba cha nyuzi 30 inaweza kupasuka mkononi mwa mtu. Baada ya kutia hopsi, pima kwa haidromita kila siku, na usijaze chupa mpaka kipimo kisimame pale pale siku tatu mfululizo. Chupa ziwe za kahawia na zisipigwe na jua, kwani mwanga unavunja uchungu wa hopsi na kutoa harufu ya kicheche.

Pakiti uliyoifungua iko wapi sasa? Kama iko kabatini, huenda nusu ya tatizo la harufu liko hapo. Joto likipanda nyuzi 15 hivi, kasi ya kuharibika hopsi inaongezeka maradufu, na kati ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri na kabati la Shangani kuna nyuzi zaidi ya 45. Hiyo ni kasi mara nane. Gawa hopsi zako kwenye vifurushi vya gramu 50, kamua hewa, funga, weka friza, na utoe kimoja kimoja. Zikinuka jibini lililooza, usizitie kwenye bia ya harufu. Acha lebo ya pakiti ibaki, ndani ya friza na unaposafiri nazo: hopsi ni ndugu wa bangi kwa ukoo wa mimea, zinafanana nayo kwa harufu ingawa hazileweshi kama bangi, na ni rahisi zaidi kumwonyesha askari lebo kuliko kumfundisha elimu ya mimea barabarani. Makapi ya hopsi yafukie. Mbwa akiyala joto la mwili wake linapanda kiasi cha kumuua. Makapi ya kimea peke yake wape kuku bila wasiwasi.

Newala ni kweli kuna baridi kuliko Mtwara mjini, lakini baridi ya usiku haitoshi. Mhopsi hutoa maua kwa kufuata urefu wa mchana: unataka michana mirefu ya kiangazi cha nchi za mbali na Ikweta, saa 15 au zaidi. Sisi tuko nyuzi 10 kusini, mchana wetu mrefu kabisa haufiki saa 13. Mche utaota, utatambaa, na utakupa maua machache tu. Hopsi za karibu zaidi ninazokushauri ni za Afrika Kusini, kutoka mashamba ya George, nyuzi 34 kusini, ambako hata huko ilibidi wazalishe aina zao wenyewe zinazovumilia michana mifupi, kama Southern Passion na African Queen. Mwambie kaka yako akipita Cape Town aulizie hizo, za vidonge, zilizofungwa bila hewa, zenye mwaka wa mavuno kwenye lebo, na akizipokea aziweke kwenye friza ya meli siku hiyo hiyo.